Kigoda cha Mzee wa Kakuma

Nilifika Lodwar miezi michache baada ya kumaliza chuo kikuu, nikiwa na begi la mgongoni, kamera ya kuazima na wazo kwamba kijana msomi anapaswa kuiona nchi yake kabla ya kuajiriwa. Miaka ile ya tisini ajira zenyewe hazikuwa zikinitafuta.

Siku ya kwanza tu nililaghaiwa. Mwanamume mwenye kalamu mbili mfukoni aliniambia kwamba anayetaka kuliona ziwa lazima awe na kibali cha kupiga picha. Alikuwa mtu wa kusini kama mimi, msemaji mzuri, na hilo ndilo lililonitoa wasiwasi. Akanigongea muhuri kwenye karatasi, akapokea ada, akaniambia nisubiri gari nyuma ya soko. Nilisubiri mpaka kivuli cha ukuta kikanihama. Nilipoikagua karatasi, muhuri ulikuwa wa duka la mbolea.

"Watu wa Kenya mnaibiana mpaka huku," alisema mama mwenye hoteli nilimokula. Kule, ukitoka kusini umetoka Kenya. Aliniuzia pakiti ya tumbaku. "Wazee wataomba. Wewe toa tu."

Tangu hapo kila aliyenisogelea nilimwona ana muhuri.

Nilipanda lori hadi Kakuma kuiona kambi ya wakimbizi, ingawa sikujua nilitaka kuona nini hasa. Nilipokuta foleni ya wanawake wakisubiri maji niliinua kamera, mmoja akanitazama, nikaishusha. Nikarudi barabarani kungoja lori la kunirudisha Lodwar. Hapakuwa na kivuli.

Mzee mmoja, nywele zake zimesukwa kwa udongo na kuchomekwa unyoya, aliinuka kwenye kigoda chake kidogo cha mbao, akakisukuma kwangu kwa fimbo.

"Keti, kijana."

"Sinunui, mzee."

"Nani nauza? Keti. Hiyo miguu yako natetemeka."

Waliokuwa karibu wakacheka. Nikaketi. Akanyoosha mkono: "Tumbaku." Nikampa pakiti nzima, ili tusidaiane baadaye. Aliigeuza mkononi, akasema, "Ejok, ejok," yaani vyema kwa lugha yake, akaondoka kuelekea kwa mbuzi wake waliokuwa wakinywa maji mtoni.

Lori likaja. Nilisimama na kile kigoda mkononi nikifikiri. Kama ameniuzia, kukiacha ni kumdharau. Kama hakuniuzia, mbona amechukua pakiti nzima na kwenda bila kugeuka? Nikikiacha hapa, si kitabebwa na mwingine? Mtoni palikuwa mwendo wa dakika tano. Ningeweza kwenda kumuuliza. Dereva akapiga honi, nikapanda nacho.

Kule Lodwar mama mwenye hoteli alikiona kabla hajaniona mimi.

"Hiyo umetoa wapi?"

Nikamweleza.

"Mzee wa nywele za udongo?"

"Ndiyo."

"Hiyo si kiti peke yake. Hapo ndipo anaweka shingo akilala, nywele isivunjike. Sasa atalala aje?"

"Nilimpa tumbaku."

"Tumbaku ni salamu. Wewe ukisalimiwa unauza kitanda?"

Nilimwomba ampe kigoda dereva yeyote anayekwenda Kakuma. Akakataa. "Mikono yako ndiyo ilibeba. Utarudisha wewe."

Nilikubali, na nadhani nilimaanisha. Lakini asubuhi magari ya Kakuma yalikuwa bado yakingoja askari wa kuyasindikiza kwa hofu ya majambazi, na hakuna aliyejua wangefika saa ngapi. Basi la Kitale, la kunirudisha kusini, lilikuwa tayari linanguruma. Nikaanza kuhesabu yanayoweza kutokea: mzee ameshahama na mbuzi wake, wale waliocheka wataniita mwizi, nitaanza kueleza, na Kiswahili changu cha chuo kitanifanya nionekane mwongo zaidi. Hakuna lililokuwa limetokea, ila kila moja nililiogopa kama lililokwisha kutokea.

Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilikiweka kigoda juu ya benchi lake, nikakifunika kwa gazeti, nikaondoka bila kumuaga.

Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia yule mzee. Tulipopita Lokichar nilikuwa nimeyasahihisha mara nyingi, nikaondoa visingizio, nikabakisha kuomba radhi tu. Yalikuwa maneno mazuri, na kila kilomita ilinipeleka mbali zaidi na mtu pekee aliyestahili kuyasikia.