Kanga ya Saumu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chekechea moja ya Raskazone, nilimwona mama mmoja akinyata kuelekea getini, viatu kavishika mkononi ili mwanawe asimsikie. Mwalimu Mkuu wetu, Bi Asia, akamzuia.

"Rudi ukamuage."

"Atalia, mwalimu."

"Na alie. Ukitoroka, kutwa nzima atalinda mlango badala ya kucheza."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Niliajiriwa kuwa mlezi, yaani yule anayewapokea watoto, kuwanawisha, kuwanywesha uji na kuwatuliza. Bi Asia ndiye aliyenifundisha makabidhiano: mzazi anaaga, anasema atarudi saa ngapi, kisha anauweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wako. Mtoto havutwi, wala hadanganywi. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mtaliona jambo dogo. Ngojeni.

Baadaye nikahamia Mabawa, chini ya Mwalimu Mkuu Chambo, mtu mpole ila mwenye haraka. Huko ndiko nilikompokea Saumu, binti wa miaka minne. Mama yake, Mwanaidi, alikuwa amekwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Siku ya safari alimwambia mtoto, "Naingia dukani kukununulia biskuti." Ndiyo ikawa mara ya mwisho kumwona. Saumu akabaki na shangazi yake Zaina, muuza samaki sokoni.

Basi Saumu hakubanduka getini. Ukimsogelea, anang'ata. Alimng'ata mwenzake Aziza begani, akamng'ata Mbarouk, na mimi akaning'ata. Wazazi wakaja juu. Mwalimu Chambo akamwita Zaina.

"Mpaka Ijumaa, dada. Asipotulia siwezi kuendelea naye."

"Basi itabidi nimpeleke kwa bibi yake, kijijini Mkwaja," Zaina akasema. "Sokoni nimweke wapi, juu ya vibua?"

Saumu alikuwa kashika gauni la shangazi yake, anasikia yote. Alijikaza mwili mzima kama mtu anayesubiri sindano.

Nilimsindikiza Zaina nje, nikamwambia kesho aje na doti mpya ambayo haijakatwa.

"Eh, Bi Mwanahawa! Umeanza kudai zawadi?"

"Nani ana haja na kanga zako za harufu ya samaki? Njoo nayo tu."

Asubuhi akaja nayo. Nikamwambia aikate palepale, mtoto akiona. Akaichana katikati, krrr. Kipande kimoja akajifunga kiunoni, kingine akamtanda Saumu.

"Umeona?" nikamwambia mtoto. "Hiki na kile ni doti moja. Shangazi atarudi kukifuata."

"Adhana ya adhuhuri ikilia, niangalie pale kwenye kona," Zaina akaongeza. Kisha akaniwekea mkono wa mtoto mkononi.

Siku hiyo Saumu hakucheza, lakini hakung'ata. Kesho yake akakubali kukaa mkekani karibu na Aziza.

Alhamisi adhana ikalia, ikaisha, Zaina hakutokea. Watoto wote wakachukuliwa. Saumu kasimama getini, kipande kakikumbatia, macho kwenye kona. Simu ya Zaina haikupatikana. Mwalimu Chambo akaninong'oneza, "Mwambie yuko njiani." Alimwonea huruma, najua.

"Mwalimu, wewe unajua kama yuko njiani?"

"Sijui."

"Hata mimi."

Nikachutama. Saumu akanitazama. "Bibi, kaenda dukani?"

"Sijui alipo, mjukuu wangu. Alisema atarudi, na amechelewa. Mimi siondoki hapa mpaka tujue."

Akaangua kilio, akanirukia, mdomo ukanigandama begani. Nikasubiri meno. Hayakuja. Mwalimu Chambo akavuta kiti, akakaa nasi.

Hatimaye bajaji ikasimama. Zaina akashuka akichechemea, goti linatoka damu, kanga iko kiunoni. "Bodaboda imeniangusha, simu imevunjika! Saumu, mama, nipo!"

Saumu hakukimbia. Alimwendea taratibu, akaishika ncha ya kanga ya shangazi, akailinganisha na yake, maua kwa maua. Kisha akampiga kofi la paja. "Umechelewa!"

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

Ndipo akamkumbatia. Ijumaa Mwalimu Chambo hakumwita mtu ofisini, na Mkwaja Saumu alikwenda kwa matembezi tu, wakati wa likizo.

Mwaka jana nilistaafu. Mwalimu Chambo akanishauri nipite mlango wa nyuma, watoto wasilie.

"Leo wewe ndiye wa kunitorosha?"

Akacheka huku akijifuta macho. Nikawaaga mmoja mmoja: Hadija, Omari, Sefu, Mwajuma. Walilia, nikawaacha walie. Mwajuma aling'ang'ania kanga niliyojitanda, akataka nimwachie kipande, maana desturi hiyo ya vipande wote walishaijua. Wallahi, nusura nimpe. Lakini nikamwambia kipande huachwa na mtu anayerudi, na mimi sirudi.

Nikauchukua mkono wake, nikauweka ndani ya mkono wa Fatuma, mlezi mpya.