Mtoto wa Kilo Saba

Tangu Auleria azike mtoto wake, hakuna mtu pale Tabata aliyemwita tena Mama Anjelina. Watu walilikwepa jina lile kama unavyokwepa kukanyaga mkeka wa mwenzio. Naye hakuuliza. Alipika, alifua, alimwandalia mumewe Benedikto chai ya kwenda nayo zamu, na machozi hayakuja. Kifua kilikuwa kimya tu, kama chumba kilichohamwa.

Arobaini ilipopita alirudi kwenye kazi yake ya kujitolea. Ulikuwa mwaka ule wa njaa na unga wa njano wa msaada, na kila Jumatano watoto walipimwa uzito barazani kwa balozi wa nyumba kumi. Mizani ilining'inia kwenye boriti: bomba la chuma lenye springi ndefu ndani, kibati cha namba mbele, sindano, na chini ndoano ya kutundikia mkoba wa turubai. Auleria alimtia mtoto mkobani, akamwachia, akangoja atulie. Nesi Eufrazia alisoma namba na kujaza kadi.

Huko kungoja ndiko kulikomfundisha. Mtoto akiachiwa hushuka na kupanda, hushuka na kupanda, mpaka springi itulie. Tangu miaka miwili nyuma Auleria alizoea kusali Salamu Maria moyoni huku vidole vikihesabu, akagundua jambo. Mtoto mzito huenda polepole: ukifika kwenye "tumbo lako amebarikiwa", wa kilo saba ameshuka na kupanda mara tisa. Wa sita mara kumi. Wa kilo tano ana haraka, mara kumi na moja. Na umwachie kwa kishindo, umwachie kwa upole, hesabu ni ile ile. Mruko ndio unaopungua, mwendo haubadiliki. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na yeye aliishia darasa la nne?

Siku hiyo ya kurudi, hesabu zilikataa. Kila mtoto alizidisha hesabu ya kilo alizosomewa. Auleria akadhani ni sala yake imekuwa nzito, inajikokota. "Hata kusali sasa siwezi," aliwaza, na wazo lenyewe halikumuuma.

Akaja Mwanakombo na mwanawe Salumu, miezi tisa.

"Shoga, mpime vizuri huyo. Baba yake anasema eti uji wa mtoto nakunywa mie!"

Wanawake wakacheka. Auleria akamtundika mtoto, akasali. Kumi na moja.

"Kilo saba," akasoma Eufrazia. "Hana neno. Mwingine!"

Auleria hakumtoa. Kiganja chake kilikuwa chini ya mkoba, na kiganja hakikuona kilo saba.

"Nesi, samahani. Huyu si wa saba."

"Sindano ndiyo imesema, si mimi."

"Anaruka kama wa tano. Nimehesabu."

"We Auleria!" Mwanakombo akapiga makofi. "Unampima mwanangu kwa rozari? Basi ngoja na mie nikalete tasbihi, tulinganishe!"

"Dada," Eufrazia alisema kwa sauti ya chini, "umetoka msibani juzi tu. Kama umechoka, kaa kidogo."

Huenda ni kweli, Auleria aliwaza. Lakini akikaa, Salumu atarudi nyumbani na kadi inayosema hana neno. Akamtoa mtoto, akampa mamaye. Kisha akafanya ambalo asubuhi ile hakuna aliyelifanya, maana watoto walipokezana bila nafasi: akauchomoa mkoba kwenye ndoano. Mizani ikabaki tupu.

Sindano ilisimama kwenye mbili.

Eufrazia akainuka, akaona waya nyuma ya kibati.

"Nani amekigusa kibati hiki?" Eufrazia aliuliza.

"Mie," akasema mke wa balozi. "Mizani ilianguka juma la Pasaka, skrubu zikapotea. Nikakifunga kwa waya. Sikujua kama kina mahali pake hasa."

Saba toa mbili. Mwanakombo hakuhitaji kuambiwa; alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni kabla Eufrazia hajamaliza kuandika barua ya hospitali.

Auleria alibaki ameshika mkoba. Baada ya Pasaka yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa, na jirani ndiye aliyempeleka Anjelina kupimwa. Kadi ilirudi na kilo saba na nusu, hana neno. Siku ile alipiga magoti akamshukuru Mungu. Mwezi uliofuata surua ikaingia nyumbani, na mtoto hakuwa na nguvu ya kushindana nayo.

Tano na nusu, basi.

Akangoja uchungu uje, kama anavyongoja mkoba utulie. Haukuja. Akafungua waya, akakiteremsha kibati upana wa vidole viwili mpaka sindano ikakaa kwenye sifuri, akaukaza. Akatundika mkoba.

"Mwingine," akasema.

Wiki sita Mwanakombo hakuonekana. Jumatano ya saba alitokea barazani, amekonda yeye, mtoto anamvuta ushungi.

"Mama Anjelina," aliita mbele za watu wote. "Tumerudi."

Wanawake wakainamisha macho. Auleria alisimama na mkoba mkononi, jina lile limemfika kama kitu kilichosahaulika kwa jirani, sasa kimerudishwa.

"Abee," akaitika.

Akampokea Salumu, akamtundika, akamwachia taratibu. Salamu Maria, umejaa neema. Vidole vikahesabu.

Kumi.