Mlawi wa Nyangamara

Pale Nyangamara hakuna aliyeijua mipaka ya Kanaani kumshinda Leonadi. Mipaka ya shamba la baba yake aliijua kwa kubahatisha, maana kila msimu wa palizi ulimkuta ana semina ya dini. Lakini umwulize kabila la Zabuloni lilipakana na nani, au Dani walihamia wapi walipozidiwa, alikujibu bila kufungua kitabu. Alikuwa katekista wa kigango, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua kilichoibeba, na watu walimwita mwalimu.

Mahubiri aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa ya Yoshua kuwagawia makabila nchi kwa kura. Alieleza kwamba nchi ile ilikuwa kivuli tu. Urithi wa Mkristo uko mbinguni, mchwa hawaufikii, na mwenye kugombania ardhi anagombania kivuli huku mti wenyewe ameupa kisogo. Watu waliguna kwa kuridhika, kisha wakatoka kwenda kuangalia mashamba yao.

Kasoro yake ni kwamba Leonadi alikuwa na makabila mawili, na aliyavaa kwa zamu. Mjomba wake alipofariki huko Newala, alipanda basi akiwa Mmakonde mtupu. Akawakumbusha watoto wa marehemu, kwa upole, kwamba kwa mila za wazee mali ya mjomba ni ya mpwa. Akapewa shamba, akaliuza, akanunua pikipiki, na pikipiki nayo ikamfuata mjomba. Baadaye baba yake, mzee Lukas, akafariki na kuacha mikorosho mizuri yenye kuzaa. Leonadi alirudi kutoka makaburini akiwa Mwisraeli: mali ya baba ni ya mtoto wa kiume.

Alikuwa na dada wawili. Bertha, kitinda mimba, alikuwa ameolewa kijiji cha jirani na mdomo wake haukuwa na likizo. Stefania, mkubwa wao, aliolewa Mtanda, mjini Lindi. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume waliitaka nyumba, naye akarudi kwa baba na begi moja na cherehani. Ndiye aliyemwogesha mzee alipokuwa hajiwezi, na ndiye aliyepulizia mikorosho salfa, kanga kaifunga puani. Shamba lile likimponyoka hakuwa na pengine pa kwenda. Kila mtu alilijua hilo. Leonadi naye alilijua, ndiyo maana alikuja na maandiko.

Baada ya arobaini aliita kikao kwenye baraza la marehemu. Alivaa kanzu yake nyeupe ya kanisani, mkononi ana kamba ya katani ya kupimia. Shahidi alikuwa mzee Bashiru, jirani wa mpakani, aliyepanda ile minyaa ya mpaka pamoja na marehemu wakiwa vijana. Mzee Bashiru ni Mwislamu, na hakuelewa Wana wa Israeli wameingiaje kwenye korosho za Nyangamara. Lakini aliona sahani ya mihogo ya kuchemsha, akakaa.

Leonadi alianza na Ibrahimu. Alipofika mto Yordani chai ilikwisha poa. Ndipo akasema kwamba kwa sheria ya Musa urithi hushika njia ya mtoto wa kiume.

Bertha akauliza habari za wale mabinti aliowataja Leonadi katika mahubiri ya Kwaresima, waliokwenda kwa Musa wakapewa fungu la baba yao.

"Binti za Selofehadi walipewa kwa sababu hawakuwa na kaka," Leonadi akasema akitabasamu. "Ninyi mnaye."

"Ndiyo shida yetu hiyo," Bertha akajibu. "Tungezaliwa kwa mzee Bashiru, walau tungepata nusu ya fungu lako."

Mzee Bashiru akaafiki kwa kichwa, kwamba hesabu ndivyo ilivyo, akachovya muhogo kwenye chumvi.

Leonadi hakuyumba. Alieleza kwamba Bertha akipewa ardhi itahamia ukoo wa mumewe, na Mungu alikataza urithi kuhama kabila. Kwa Stefania alilainisha sauti. Alimkumbusha kwamba ni yeye anayefagia kanisa na kufua vitambaa vya altare. Mtumishi wa namna hiyo, alisema, ni Mlawi, na Walawi hawakupewa hata pembe ya shamba, kwa kuwa Bwana mwenyewe ndiye fungu lao. Alilisema vizuri mno. Machozi yalimlenga kwa uzuri wa maneno yake, akayafuta na mkono wa kanzu.

Stefania aliinamisha macho akaitazama ile kamba.

Mzee Bashiru, kwa kutaka kuelewa tu, akauliza hao Walawi walikuwa watu wa kazi gani.

Leonadi tangu azaliwe hajawahi kuliacha swali la dini lipite bila jibu kamili. Akaeleza kwamba walifundisha watu sheria, walitangulia mbele kwenye ibada, waliongoza nyimbo, walivaa mavazi meupe ya kitani. Alipofika kwenye mavazi meupe alipunguza mwendo, kama mtu aliyesikia tawi linalia chini ya mguu wake.

"Kumbe ni wewe, mwalimu," mzee Bashiru akasema, akachukua kipande kingine.

Leonadi alitaka kueleza kwamba yeye ni wa kujitolea tu. Lakini Biblia yote, alivyoijua, haikuwa na Mlawi wa kujitolea. Stefania akainua macho.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimekubali. Kama mwenye ufagio ni Mlawi, na mwenye kitabu ni Mlawi, basi tukose wote wawili. Shamba lote achukue Bertha."

Bertha akasema ahsante sana, analipokea.

Leonadi alitazama mikorosho, kisha kanzu yake. Kurudi kuwa Mmakonde asingeweza, shahidi alikuwa bado anatafuna. Mwisho akakumbuka, kwa sauti ndogo, kwamba Walawi walau walipewa malisho kuzunguka miji yao.

"Utapewa malisho," Stefania akasema. "Na zaka utaletewa. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

Ndivyo ilivyoandikwa. Bertha alicheka mpaka akashika mbavu, akasema yeye ana shamba kwa mumewe. Hili alimwachia dada, liwe malipo ya palizi ya miaka yote. Alasiri ile Leonadi alishika ncha moja ya kamba na mzee Bashiru ncha nyingine, wakapima malisho ya Mlawi: kiwanja cha nyumba yake na majani ya kutosha mbuzi wake. Baki yote ikawa ya Stefania.

Jumapili iliyofuata Leonadi alisoma ile zaburi ya mtu asemaye Bwana ndiye fungu langu. Alifika hapo akanyamaza, waumini wakadhani amepoteza mstari. Aliusoma tena, polepole, kama mtu anayesoma mkataba alioutia saini zamani bila kuuangalia. Bertha, aliyekuja kusali makusudi, alisema hajawahi kumsikia kaka yake akihubiri kwa maneno machache hivyo, wala vizuri hivyo.

Korosho zilipoanza kudondoka, miguu ya Leonadi ilimpeleka shambani alfajiri, kwa mazoea aliyoyapata baada ya shamba kuwa la mwingine. Aliokota chini ya mkorosho wa kwanza, akajaza kofia. Alipoinuka, Stefania alikuwa amesimama kwenye minyaa na ndoo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu." Akaitazama kofia. "Zaka huletwa. Haifuatwi."

Leonadi akazimimina korosho kwenye ndoo ya dada yake. Moja ilibaki kwenye mshono wa kofia. Aliihisi kichwani njia nzima, akarudi kuipeleka.