Helikopta Anayopanda Mwanangu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu hapa Masanze watu wameshaanza kunisifia kwa yale niliyofanya uwanjani siku ya mafuriko. Wananisifia bure. Nilipiga kelele kwa hofu, nikamsukuma wifi yangu akakaa kwenye tope, na kama kungekuwa na pa kukimbilia, ningekimbia.

Mwanangu ni fundi wa helikopta katika kikosi cha majini, huko pwani. Ni mmoja tu niliyejaliwa, na baba yake alishatangulia mbele ya haki. Sisi ni watu wa mahindi na mpunga. Bahari nimeiona mara moja, siku alipomaliza mafunzo, na sikuipenda. Alipopangiwa ufundi nilimshukuru Mungu, nikijua fundi hukaa chini na spana yake, wanaoruka ni wengine. Kumbe wapi! Kwao fundi akishafunga nati ya mwisho ndiye anayepanda kwanza, ili kama kafanya ovyo aanze kujua yeye. Tena helikopta yenyewe imezeeka, haiendi safari yoyote ya maana bila fundi ndani. Alinieleza hayo akiwa likizo, amekaa jikoni kwangu anamenya muhogo, kama mtu anayesimulia mpira.

Akaendelea, na mimi kwa ujinga wangu nikaendelea kuuliza. Helikopta zao zilitengenezwa kwa kazi ya baharini, kutua juu ya meli na kuopoa watu majini kwa kamba. Chumvi inazila. Kila ikirudi lazima iogeshwe mwili mzima kwa maji yasiyo na chumvi, nikamwambia hata wewe sikukuogesha hivyo. Zamani zilikuwa kadhaa, sasa inaruka moja. Zilizobaki zimeegeshwa zinafunguliwa spea, kwa kuwa kiwanda kiliacha kutengeneza aina hiyo. Nikauliza, mpya je? Akasema mpya ziliagizwa zamani. Tenda ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikaleta za majaribio, zikaonekana nzito mno kwa sitaha ya meli yao na hazina kinga ya chumvi, zikarudishwa zilikotoka. Sasa kuna tenda nyingine na kamati yake, na kila kamati ikivunjwa wanaanza kuandika upya wanataka helikopta ya namna gani.

Akamalizia kwa kucheka, eti kawia ufike. Nikamjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni langu. Hakucheka tena, lakini hakuacha kazi.

Basi nikawa mtu wa kusikiliza juu. Vindege vya watalii wa Mikumi vikipita juu ya shamba, jembe linabaki hewani. Majirani wakaniita Mama Helikopta, wananitania hadi kisimani. Nikimpigia simu mwanangu ananijibu kwa haraka, niko kazini mama, usijipe presha. Nilijua namkera. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa naujua mchana kutwa.

Mvua za mwaka ule hazikutupa nafasi. Mto uliacha njia yake ukaingia mashambani, kisha majumbani. Barabara ya kwenda Kilosa ikakatika, ya Mikumi nayo ikakatika, tukapanda wote shuleni, ndiyo sehemu pekee iliyoinuka. Tulilala madarasani na kuku wetu. Mkwe wa jirani yangu alishikwa na uchungu, mtoto hatoki, mkunga anatokwa jasho kuliko mzazi. Kulikuwa pia na mzee aliyeangukiwa na ukuta, mguu wake hautazamiki. Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu zake zote, akaambiwa msaada utakuja kwa ndege.

Asubuhi simu yangu ikaita. Alikuwa mwanangu. Alisema wako Mikumi kwenye uwanja wa ndege wa hifadhi, wameletwa kutoka pwani kusaidia, wakishajaza mafuta wanakuja kwetu. Niwaambie watu wasogee, uwanja wa mpira ubaki mtupu, kusiwe na kitu chepesi hata kimoja. Nikauliza wanakuja na helikopta gani. Akasema ni hiyo hiyo, ipo nyingine?

Nilimpelekea mwenyekiti ujumbe, nikarudi kwa yule mzazi kumshika mgongo. Nilijiambia hii si bahari, hapa ikianguka inaangukia mpunga. Halafu nikajiuliza mpunga una nafuu gani.

Habari zikatembea bila mimi, na zikatembea nusu. Zilipomfika wifi yangu, shangazi wa mwanangu, zilikuwa zimebaki kwamba mtoto wetu anashuka kutoka mbinguni kuja kutuokoa. Kwetu mtu wa heshima akirudi nyumbani, awe bibi harusi au haji, hakanyagi ardhi. Shangazi zake humtandikia kanga apite juu yake. Nilipotoka darasani nilikuta uwanja umevaa. Kanga zimetandikwa kutoka goli hadi goli, nyekundu, za bluu, za njano, zile kavu walizookoa kwenye maji wakaacha magodoro. Jamani, wanawake waliokosa hata sufuria walitoa kanga zao! Wengine wameshapanga mstari wa vigelegele.

Mwanangu aliwahi kuniambia kwamba kwenye karakana yao hata matambara ya kufutia mikono yana ulinzi, kwa sababu tambara moja likinyonywa na injini, au likijisokota kwenye yale mapanga yanayozunguka juu, watu wote waliomo wameondoka. Sikuweza kueleza hayo yote. Nilichoweza ni kupiga mayowe na kuzoa kanga kwa mikono miwili kama mwizi. Wifi akanishika. Akaniuliza mbele ya watu, ninamwonea wivu mwanangu mwenyewe? Ndipo nikamsukuma.

"Mtamuua!" nikasema. "Hizo kanga zitamuua!"

Sijui waliamini maneno au waliamini uso wangu. Wote wakainama, wifi naye, matope hadi kiunoni, tunazoa na kukalia. Mlio ukaja kutoka upande wa Mikumi kabla hatujamaliza. Upepo wake ukafika. Kanga moja nyekundu, goli la mbali, ikanyanyuka, ikapanda juu ya mwamba wa goli, ikajinyoosha hewani. Helikopta ikainama ubavu, ikapiga kelele ambayo sitaisahau, ikapotelea nyuma ya miti.

Halafu sikusikia kitu. Labda ni masikio yangu yaliyokataa. Nilikaa chini na kanga za watu mapajani, nikawa nasema jina la Mungu tu, sina hata ombi. Kanga ile ikashuka taratibu, ikaangukia paa la choo cha walimu. Kisha mlio ukaanza upya, mdogo, ukakua, na helikopta ikaja safari hii chini chini, ikatua.

Hawakuizima. Baadaye aliniambia waliogopa ikizimwa isiwake. Mwanangu akaruka nje, akaizunguka mbio anaitazama juu, hakunisalimia wala hakumsalimia shangazi yake, na siku nyingine hilo lingekuwa kosa kubwa. Wakampakia mzazi na mkunga wake. Wakampakia mzee. Ndipo mama mmoja akaja anakimbia na mtoto anayetetemeka kwa degedege. Rubani akatikisa kichwa. Uzito umetosha, injini haiwezi zaidi. Mwanangu akamtazama yule mtoto, akavua kofia yake ngumu, akamkabidhi mama mtu, akamwinua na mwanawe mikononi, akamkalisha mahali pake. Yeye akabaki chini.

Nasema ukweli, nilifurahi. Injini ile mbovu inaondoka na watu, wengine nimewashika mgongo kwa mikono hii, na moyo wangu unasema alhamdulillahi, wangu yuko hapa. Ikainuka kwa shida, ikapita juu ya mpunga uliozama, ikaelekea Mikumi bila fundi.

Nikamgeukia nimkumbatie. Hakuwa na habari na mimi. Alikuwa amesimama mdomo wazi, sikio kalielekeza ulikokwenda mlio, na mlio ulipokwisha aliendelea kusikiliza. Nikamshika mkono, akaung'ang'ania wangu kama mtoto gizani. Mtu aliyetua na kitu hicho juu ya meli, mawimbi yanapanda! Alisema kuna sauti hakuipenda wakati inainuka, alipaswa kuwemo. Akasema akiwa ndani huwa haogopi hivi, maana ndani kuna kazi ya kufanya. Akaitazama simu yake, hakuna mtandao. Akaitazama tena. Mvua ikaanza, hatukusogea.

"Mama," akasema, "ni hivi unavyokaaga?"

"Kila siku, mwanangu."

Akachuchumaa palepale kwenye tope, akafunika uso. Sikumwambia usijipe presha. Nilichuchumaa naye, tukangoja hadi mtandao uliporudi na ujumbe wa rubani ukaingia kwamba wametua, na yule mzazi ameshaingizwa hospitali. Alisoma mara nyingi, kisha akanipa mimi nisome.

Helikopta ilimrudia kabla ya magharibi. Nilitaka kumshika nguo, kama nilivyomshika siku ya kwanza ya shule. Akaizunguka, akapapasa hapa na pale, akapanda.

Helikopta mpya bado hazijaja. Siku hizi akitua tu, kabla hata hajavua kofia, ananipigia kuniambia wameshuka, na mimi nakaa chini popote nilipo, hata kama ni katikati ya tuta.