Zamu ya Jua

Kosa lilikuwa letu sote, lakini aliyeliandika kwa kalamu na rula ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, kijiji chetu cha ujamaa kilihitaji mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao, na mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Baba yangu ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi.

Kule kwetu, milimani juu ya Lushoto, kipupwe si mchezo. Kuanzia mwezi wa sita ukungu unajaa bondeni na unaingia mpaka kwenye mifupa. Nyumba tisa kati ya hizo kumi zilikaa nyuma ya kilima, zikipata jua saa nne. Ya kumi, yetu, ilikuwa ukingoni, na ukuta wake wa mbele ulipigwa na jua saa moja na nusu. Chini ya ukuta huo palikuwa na benchi.

Mama alikuwa na baridi yabisi ya magoti. Kila asubuhi, akishatunywesha chai sisi wote, alikaa kwenye lile benchi robo saa, miguu ameinyoosha, kanga ameipandisha hadi magotini, macho ameyafumba. Ukimwita wakati ule hasikii, na hakuwa kiziwi. Sikumbuki kumsikia akiomba kitu kingine kwa ajili yake mwenyewe.

Siku moja kikaoni, tukiwa tunajadili shamba la pamoja la mahindi, mzee jirani yetu alisimama. Akasema, "Ndugu balozi, shamba tunalima pamoja, majembe tunaazimana. Mbona jua la asubuhi lina mwenyewe?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Balozi mwingine yeyote angemwambia mzee akae chini tuendelee na mahindi, lakini baba aliamini usawa kwa moyo wake wote, na mtu wa namna hiyo ni hatari nyumbani kwake. Alifikiri kidogo, akasema mzee ana hoja. Mikono ikanyooshwa. Ikapita kwamba jua la ukutani kwetu ni mali ya nyumba zote kumi, kwa zamu, nyumba moja siku moja, na kwa kuwa kiongozi hajipendelei, nyumba ya balozi iwe ya mwisho. Nikachora jedwali zuri, nikajiona mtu. Mama hakuulizwa, kwa sababu alikuwa jikoni anawachemshia wajumbe chai.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mzee, na alikuja na jembe. Hakuweza kuamini kwamba zamu ni ya kukaa tu, kwa hiyo akalima uwanja wetu kwanza ili jua lake liwe halali. Siku ya pili waliingia watu kumi na wawili wa nyumba moja na blanketi lao, benchi likapasuka mguu. Mwingine zamu yake iliangukia siku ya gulio, na yeye alikuwa na kabichi za kupeleka Lushoto, basi akatuma koti lake liote jua kwa niaba yake. Likatandazwa benchini, mikono huku na huku. Nikaandika: "Waliohudhuria: koti moja."

Sasa, kwetu mtu hakai ukutani kwako akaondoka bila kunywa kitu. Kwa hiyo jua lilikuwa nje na mama alikuwa ndani, katika jiko lisilo na dirisha, anapuliza kuni mbichi. Hata lile koti aliliwekea kikombe. Nilimwuliza kwa nini. "Sijui likirudi kwao litasema nini," alisema, na hakuwa anatania sana.

Zamu yetu ya kwanza ilikuwa ukungu. Ya pili, mvua. Ya tatu, ukungu tena. Hiyo ya tatu mama alijifunga kanga mbili akakaa tu kwenye benchi lenye unyevu, anatazama weupe. Mimi kando yake niliandika: "Jua: hakuna."

"Umeandika?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Andika na magoti yangu."

Sikuandika. Hakukuwa na safu ya magoti kwenye jedwali, na nina hasira na yule kijana niliyekuwa hadi leo.

Zamu yetu ya nne jua lilitoka safi. Mama alikuwa ndiyo kwanza amenyoosha miguu tuliposikia hodi. Walikuja watu tisa, mmoja kutoka kila nyumba. Kila mmoja alikuwa na siku yake iliyoliwa na ukungu, na walitaka fidia. Wakaamkiana na mama, shikamoo na marahaba, habari za nyumba, za watoto, za mbuzi, na jua linatembea. Mama akaanza kuinuka kwenda kuweka chai.

"Kaa," baba akasema.

Akaingia jikoni yeye. Mwanamume wa rika lake kuingia jikoni kupuliza moto halikuwa jambo la kuonekana, na balozi ndiyo kabisa. Tulimsikia anakohoa, kisha sufuria ikaanguka, kisha akakohoa tena. Wageni tisa walitazama chini. Akatoka macho mekundu, na kikombe kimoja, akampa mama. Wageni hakuwapa kitu.

Wakaaga mmoja mmoja. Kesho yake hakuja mtu, wala keshokutwa, na jedwali langu likafa bila kikao.

Mama alikunywa chai ile ya majivu polepole, jua likiwa magotini mwake. Alipomaliza, bila kufumbua macho, akaninyooshea kikombe.

"Niongezee."

Niliingia jikoni mbio, nikiwa na furaha. Nikasimama katikati ya moshi, sufuria ya baba tupu, nikaona aibu ambayo haijaisha. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sikujua mama yangu anaweka wapi majani ya chai.