Slaidi Arobaini na Swali la Mzee Lekishon

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana upande wa Misima, nilivyoingia darasani nimekumbatia projekta, natembea kwa madaha kama bibi harusi. Usinicheke. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, bidhaa za kila namna zinamiminika nchini, na kompyuta tulizokuwa tukizisikia redioni tu zikaanza kufika hata kwetu. Nilikuwa nimetoka Korogwe kwenye mafunzo ya wiki mbili, tumefundishwa kutengeneza slaidi. Katika shule nzima mimi peke yangu ndiye niliyejua kubonyeza, na nilihakikisha kila mtu anafahamu hivyo.

Projekta yenyewe haikuwa yetu. Tuliazimwa pamoja na kompyuta yake, kwa muhula mmoja tu. Afisa elimu alisema atakuja mwisho wa muhula kutazama somo, na akiona haitusaidii ataipeleka shule nyingine. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakisoma baiolojia kitabu kimoja watu wanane. Nilitaka chombo kile kibaki kuliko nilivyotaka uhamisho wa kurudi nyumbani Kilole.

Basi nikafanya nini? Nikachukua daftari langu la notisi, lile lile nililokuwa nikilinakili ubaoni kila mwaka, nikalihamishia lote kwenye slaidi. Arobaini! Mada ilikuwa kupe na ndigana, ugonjwa unaoua ndama. Herufi zikawa zinaingia moja moja zikizunguka kama zimelewa, na kila moja ina mlio wake. Nasoma ukutani, nabonyeza, nasoma, nabonyeza. Watoto wameinama wanaandika mbio mbio, na wa nyuma wanalalamika, "Mwalimu, rudisha! Hatujamaliza!" Sisi tumezoea kwamba kilichoandikwa mbele lazima kiingie daftarini neno kwa neno. Wenye mazoea hayo nikawapa ubao unaokimbia.

Siku hiyo Mzee Lekishon, mfugaji aliyekuwa kwenye bodi ya shule, alikaa dawati la mwisho, fimbo yake magotini. Binti yake Nasieku alikuwa mwanafunzi wangu, msichana ambaye mwaka mzima sikuwahi kuisikia sauti yake darasani. Somo lilipoisha nikamfuata mzee, nangoja sifa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Zima hicho kitu."

Nikazima. Akawageukia wanafunzi, akawauliza kupe anampaje ndama ugonjwa. Wengi wakaanza kupekua madaftari. Mmoja akasema anachokumbuka yeye ni zile herufi zilizokuwa zinazunguka, darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee hakunisema mbele yao, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alinitoa nje, tukasimama karibu na tangi la maji.

"Mwalimu, leo nimeuona mgongo wako tu," alisema. "Ulikuwa unaongea na ukuta. Sisi nyumbani hatumfundishi mtoto kuhesabu ng'ombe. Wakirudi malishoni namsimamisha mlangoni mwa boma, wanapita mbele yake taratibu, halafu namwuliza swali moja: nani hayupo? Ataniambia, yule mwekundu wa pembe iliyopinda. Amewatazama wote, ndiyo maana anamjua aliyekosekana. Wewe umewapitisha ng'ombe arobaini mbio, na mtoto hukumwuliza kitu."

Niliumia, nisikufiche. Mimi na cheti changu cha mafunzo, nafundishwa kazi na mzee asiyejua kusoma! Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu hasira zikashuka, nikaona mzee amesema kweli, nikazifuta slaidi zote arobaini.

Nilitengeneza sita, na hazikuwa na sentensi hata moja. Nilichora kwa viduara na vistari vya ile programu: mayai ya kupe kwenye nyasi, kupe mchanga wa miguu sita, kupe wa makamo wa miguu minane, kupe mzima, kisha ng'ombe na ndama. Niliwaambia wanafunzi waweke kalamu chini, watazame. Halafu nikawaonyesha mzunguko uleule nikiwa nimemwondoa mmoja, nikauliza, "Nani hayupo?" Wiki ya kwanza walibabaika. Baadaye wakawa wanakaa wenyewe kwenye kompyuta kwa zamu, wanatengeneza slaidi za kuwatega wenzao, na kelele za darasa lile zilifika hadi ofisini kwa mkuu wa shule.

Afisa elimu akaja, faili kwapani. Mzee Lekishon naye alikuwapo, dawati lake lilelile. Nikawasha. Mzunguko ukatokea ukutani ukiwa na pengo. Kabla sijafungua mdomo, Nasieku akasimama. Nasieku!

"Hayupo mchanga wa miguu sita," alisema. "Huyo akinyonya ng'ombe mgonjwa anakua na ugonjwa ndani yake, akishakuwa wa miguu minane anampa ndama. Ukimwondoa yeye, picha hiyo inadanganya."

Afisa akanitazama. "Mwalimu, hebu zima hicho chombo."

Maneno yaleyale! Nikazima. Akaliuliza darasa, tukitaka ndama asiugue tuukate mzunguko wapi? Mikono ikajaa hewani. Mmoja akasema ndama aogeshwe dawa ya kupe, mwingine akabisha kwamba kumwogesha ndama na kumwacha mama yake ni kazi bure. Nasieku akaenda ubaoni, akachora mzunguko wote kwa chaki, hakukosea hata mguu mmoja wa kupe.

Afisa akafunga faili lake. "Chombo hiki kibaki hapahapa," alisema.

Mwanangu, nilipiga kigelegele mwalimu mzima, na darasa zima likanipokea! Mzee Lekishon aliinua fimbo yake kidogo tu, akairudisha magotini. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama fimbo ile.

Sasa wewe uliyepangiwa Makuyuni, na kompyuta yako begani, nakuambia waziwazi. Usiugeuze ukuta kuwa daftari. Weka picha moja, wageukie wanafunzi, uliza, kisha nyamaza uwasubiri. Waachie na wao watengeneze. Kabla hujatoka darasani zima chombo, ujue kilichobaki vichwani mwao. Na mkubwa asiyejua kubonyeza akikukosoa, nuna kama huna budi, ila usiipitishe siku ya tatu.

Nenda, mwanangu, Mungu akulindie sauti yako na macho yako. Akujalie, utakapokuwa mzee kama mimi, uwapitishe moyoni watoto wote uliowafundisha, ujiulize nani hayupo, ukose wa kumtaja.