Yohana wa Kijiji cha Maendeleo

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani, maana nilijua nakwenda kutangaza. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Kiomboi, na kule nyumbani nilisoma taarifa ya habari mbele ya mwiko mpaka ugali ukaungua. Mkuu wa ofisi yetu ya habari, Singida mjini, aliniangalia akacheka.

“Binti, redio iko Dar es Salaam. Hapa kuna simu. Kaa.”

Nyie mnaotuma sauti kwa simu ya mkononi, hebu nisikilizeni. Kazi yangu ilikuwa imla. Nazungusha mkono wa simu, namngoja opereta aniunganishe, halafu namsomea karani wa redio huko Dar habari za mkoa neno kwa neno, naye anaandika. Laini ikikoroma, jina unalitaja herufi kwa herufi: K ya Kiomboi, M ya Mandewa. Nilipayuka mpaka wapita njia wakadhani nagombana na mume. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Kila neno lililotoka Dar niliona limepita kinywani mwangu.

Tulipeleka habari za mazao na za ziara za wakubwa, lakini zilizosikilizwa hasa ni za vifo. Zikianza, mchi unasimama, hata mlevi ananyamaza. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, ndugu wakatawanyika, na redio ndiyo iliyojua kumkuta mtu alipo.

Siku moja akaja mzee kutoka Iramba, kafiwa na mpwa wake. Niliandika kama alivyosema: Yohana Mkumbo, aitwaye Shila, wa Mawe Mawili, mwana wa Raheli, amefia hospitali Kiomboi.

“Mama yake yuko safarini kwa mabinti zake,” mzee akasema, “hatujui yuko kwa yupi. Tutamngoja mpaka kesho jioni. Zaidi ya hapo maiti haingoji.”

Mkuu akachukua kalamu yake nyekundu.

“Mawe Mawili hapapo tena. Weka kijiji cha Maendeleo.”

“Mkuu, mama yake alimwacha Mawe Mawili. Hilo jina jipya halijui.”

“Na hili Shila?”

“La nyumbani.”

“Ukabila. Raheli ndiye nani?”

“Mama yake!”

“Siku hizi wote ni ndugu, binti. Weka ndugu, jamaa na marafiki.”

“Kina Yohana Mkumbo Iramba ni wengi kama mawe, mkuu!”

Akasimama nyuma yangu nisome. Nilipofika “aitwaye Shi…”, akabonyeza simu, laini ikakatika. Ilipounganishwa tena akasoma mwenyewe, kwa sauti nzuri kweli. Ile sauti bado inanichefua.

Wiki iliyofuata akaingia mama mmoja, miguu imejaa vumbi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ndipo hapa penye redio?” Akakaa sakafuni, kiti alikikataa. “Nilikuwa Misigiri kwa binti yangu, tunapepeta uwele. Redio ikasema Yohana Mkumbo wa Maendeleo. Nikamwambia binti yangu, masikini, kuna mwenzangu ana Yohana kama wangu. Tukampa pole. Tukaendelea kupepeta. Niliporudi Mawe Mawili nikakuta mahame, nikaulizia mpaka nikafika huko Maendeleo. Udongo ulikuwa umeshakauka.”

Mkuu akatoka ofisini kwake. “Mama, pole. Lakini tangazo lilitoka, na lilitoka vizuri.”

“Lilitoka, baba. Nililisikia. Ndicho kinachoniua.”

Nilimwambia mkuu maneno ambayo binti hamwambii mkubwa. Kesho yake nikapewa gundi na ndoo, nikabandike mabango sokoni. Nilibandika mabango yenye neno “ndugu” mpaka nikalichukia.

Yeye akapandishwa cheo, akaenda zake. Mkuu aliyemfuata, mtu mpole, akanirudisha kwenye simu. Nikamwomba jambo moja tu, jina la nyumbani na la mama yasikatwe tena.

Akashangaa. “Kwani yalikuwa yanakatwa? Kwa amri ya nani?”

Ya nani! Kumbe hakukuwa na amri. Ilikuwa kalamu ya mtu mmoja aliyetaka kuonekana mjamaa kuliko wenzake, na mama akakosa kumzika mwanawe kwa hilo.

Nilisoma imla mpaka nikastaafu, na kutangaza sikutangaza hata siku moja. Sasa niko Mandewa na redio yangu dirishani. Nikiwasikia watangazaji wakijisifu kwamba redio iliwaunganisha watu, nagomba nayo peke yangu mpaka wajukuu wanacheka. Iliunganisha, ndiyo, kalamu ilipoiacha.

Wanangu nimewaagiza. Siku yangu ikifika, watangaze jina langu la nyumbani, watangaze na kilima nilikozaliwa hata kama hakuna mtu tena, na mama yangu wamtaje kwanza. Akitokea mjuaji wa kuuliza wamtaje wa nini na alishakufa zamani, wamjibu hivi: ili huko aliko asije akadhani ni mtoto wa mwenzake.